Jina Lililoandikwa Kwenye Tairi

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tyubu, hunirudisha Uyole haraka kuliko picha yoyote niliyonayo. Nikipita karibu na fundi pancha, hata leo, hata nikiwa na haraka zangu, pua inasimama kwanza na miguu inafuata. Naiona tena ile asubuhi ya kipupwe, ukungu umeshuka kutoka milimani umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga, malori ya Zambia yanapumua kwa breki zao za upepo, na akina mama wanapanga viazi mafungu mafungu juu ya magunia huku wamejitanda khanga juu ya masweta. Kibanda cha baba kilikuwa ukingoni mwa barabara kuu. Kilikuwa na mabati machache, jeki mbili, na beseni la maji ambayo kwa baridi yalikuwa yanauma vidole. Nikitoka shule nilikuwa naketi juu ya rimu bovu, na kazi yangu ilikuwa moja: baba akizungusha tyubu ndani ya beseni, mimi nitazame mapovu yanatokea wapi. Palipotoka povu ndipo palipotoboka. Nilidhani kila kilichovuja duniani kinaweza kupatikana kwa njia hiyo, ukiwa na beseni la maji na subira.

Mbele ya kibanda, kwenye nguzo, baba alikuwa ametundika tairi kubwa la lori lililokwisha meno, na juu yake ameandika kwa rangi nyeupe neno moja tu: LUHAVILE. Hakuandika pancha wala fundi, hata upepo hakuandika. Madereva wengine walidhani ni aina mpya ya tairi. Mama mmoja muuza karoti aliniuliza kama ni dhehebu. Wateja wapya walipita wakaenda kwa jirani, ambaye tairi lake liliandikwa PANCHA HAPA kama inavyotakiwa, na mama yangu alimsema baba kwa hilo mpaka akachoka. "Wewe unatangaza biashara au unatangaza ukoo?" alimuuliza. Baba alicheka tu, akaendelea kusugua tyubu kwa msasa. Lakini mimi nilijua, kwa sababu aliniambia. Lile jina lilikuwa la ukoo wetu, na hatukumjua mtu mwingine yeyote duniani aliyekuwa nalo. Barabara ile inatoka Dar es Salaam, inapita Iringa, inakuja kwetu. Kila atokaye Iringa hana budi kupita Uyole. Siku moja, alisema baba, atapita Luhavile mwenzetu, ataona jina lake kwenye tairi, atashuka.

Ugeni wa jina letu niliufahamu shuleni. Darasa lilijaa akina Mwa huyu na Mwa yule, Wanyakyusa na Wasafwa ambao jina la kila mmoja lilikuwa na mlima wa watu nyuma yake. Walikuwepo akina Sanga wa kutoka Makete, wengi hata mwalimu akawapa namba. Mwalimu alipoita majina asubuhi alikuwa anakwenda kasi kama anayeshuka mteremko, mpaka afike kwangu. Hapo alisimama, akainua kichwa. "Neema Luhavile. Hivi ninyi ndio watu wa wapi?" Nikamjibu Iringa. "Iringa wapi?" Iringa ya wakati ule ilikuwa kubwa, imebeba na Njombe mgongoni, na mimi sikujua hata nielekeze mkono upande gani. Watoto walicheka, si kwa ubaya sana, ila kicheko cha watoto hakina kipimo. Wao wakigombana walitishiana kaka na binamu: nitamwita fulani, nitamwambia fulani. Mimi sikuwa na wa kumtaja. Nilikuwa na jina zuri lisilo na mtu nyuma yake.

Tulichokijua kuhusu asili yetu kingetosha kwenye kiganja. Babu yangu alikuja Mbeya akiwa kijana, kwa miguu, akitafuta kazi. Akaipata misheni, akabatizwa Petro, akaoa msichana wa Kisafwa wa vilima vya juu ya mji, akamzaa baba yangu, Yohana, na kabla baba hajaota meno ya pili akafa kwa homa. Aliacha kovu kubwa la moto ambalo baba alilikumbuka kwenye mkono wake wa kushoto, akaacha jina, na akaacha mwiko. Watu wa Iringa kila ukoo una mwiko wake, kitu ambacho hakiliwi, na sisi tulikatazwa maini. Ng'ombe, mbuzi au kuku, ini halipiti mdomoni mwa Luhavile, ukila meno yatakung'oka. Usidhani ni jambo dogo. Kwenye sherehe maini ndiyo yanayotangulia kuchomwa, ndiyo wanayopewa watoto wenye bahati wakisubiri nyama iive, na mimi nilikuwa nasimama kando, mikono nyuma, nikinusa. Nilijivunia lakini. Niliwaza kwamba mahali fulani Iringa kuna watoto wengine wamesimama kando vilevile, mikono nyuma, na hao ndio ndugu zangu.

Upande wa mama hatukupungukiwa. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na ndugu zake wakija walikuja na mikungu ya ndizi, maziwa ya mgando, na kelele za kutosha mtaa mzima. Lakini ukoo ni wa baba, ndivyo tulivyofundishwa, na wajomba hata wakupende vipi watakuita mtoto wa watu. Jambo hilo lilinichoma siku ya ubatizo wa mdogo wangu wa kike. Baada ya ibada watu walikusanyika uani kwetu, wakala, na mzee wa kanisa akasimama kufanya utambulisho kama ilivyo desturi. Akaomba upande wa mama wasimame. Uwanja mzima ukasimama, mabenchi yakalia, vigelegele vikapigwa. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya furaha, "Na sasa upande wa baba, tuwaone!" Baba akasimama. Akavuta koti lake, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeachwa na basi, akasema, "Tupo." Watu wakapiga makofi kwa huruma, na hakuna makofi mabaya kama hayo. Nami nikasimama nilipokuwa, katikati ya watoto wa wajomba, ili tuwe wawili. Hakuniona.

Ndiyo maana baba alimuuliza kila abiria. Milima haikutani, binadamu hukutana, alipenda kusema, huku akijua kwamba yeye tayari ni kama mlima. Tairi likiwa kwenye jeki, mtu hana pa kwenda, atajibu tu. Unatoka wapi, mzee? Iringa? Kwenu huko hakuna akina Luhavile? Wengine walijibu hapana. Wengine, kwa kutaka kumfurahisha, walisema wamewahi kusikia, labda kule Mufindi, labda Kilolo, na baba hakulala vizuri siku hizo. Nilimwona akijipa matumaini na kuyameza tena, wiki baada ya wiki, na nilichukia wale waongo wenye huruma kuliko wale waliotikisa kichwa na kuendelea kumenya chungwa lao.

Kisha ikafika ile siku. Ilikuwa mchana wa kipupwe, jua lipo lakini halina kazi, na pikapu iliyopakia mchele wa Chimala ikaingia kibandani ikichechemea. Pembeni mwa dereva alishuka mzee mrefu mwenye kofia ya sufu na koti lililovaliwa juu ya koti. Hakutazama gurudumu. Alisimama mbele ya ile nguzo, akasoma, akasogea karibu akasoma tena, akigusa herufi kwa fimbo.

"Luhavile ndio nani hapa?" aliuliza.

Baba aliangusha spana. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi namuulizia huyu aliyeandikwa."

"Ndio mimi. Ni jina la marehemu baba."

Mzee alimkagua usoni kwa muda mrefu. "Baba yako alikuwa na kovu la moto, mkono huu?" Akainua mkono wake wa kushoto.

Sijawahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Alikimbia nyumbani kumwambia mama achinje jogoo. Alirudi akimshika mzee mkono kana kwamba angetoroka, akamkabidhi jirani ile pancha, na sote tukaenda nyumbani, mimi nyuma nikibeba fimbo ya mgeni. Njiani nilihesabu kwa jina binamu ambao bado sikuwa nao. Niliwapa nguo, niliwapa sauti, nikapanga nani atalala kitandani kwangu. Mama alipika haraka, na kama ilivyokuwa kwetu daima, alitenga maini ya yule jogoo kwenye kisahani cha peke yake kwa ajili ya asiye na mwiko. Aliyaweka mezani kwa mazoea, karibu na ugali. Mzee akanawa mikono, akaomba, akanyoosha mkono, akachukua ini akala. Akachukua na kipande cha pili, akasifu chumvi. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika tonge, hakulipeleka popote. Tulijua wote wawili kwamba huyu si ndugu yetu kabla hajasema neno.

Akala akashiba, kisha akasema, na alisema kwa upole kama mtu anayeshusha mzigo wa mayai. "Yohana mwanangu, nilisimama pale kwa kushangaa. Kule kwetu hakuna ukoo wa Luhavile. Luhavile alikuwa mtoto, rafiki yangu, tulichunga mbuzi pamoja."

Mama yake Luhavile, alieleza mzee, alikuwa mwanamke wa kuja. Alifika kijijini kwao akiwa na mimba, mume amefariki, na watoto waliotangulia wote alikwisha wazika huko alikotoka. Wanawake wenye msiba wa namna hiyo walikuwa na desturi ya kumpa mtoto anayefuata jina la kumficha, jina baya, jina la jalala au la majivu, ili kifo kikipita kione hakuna mtoto hapa. Lakini yule mama alikuwa ametumia majina hayo kwa waliotangulia na hayakusaidia. Kwa hiyo huyu wa mwisho alimtungia jina ambalo halikuwepo. "Luhavile si Kihehe," alisema mzee. "Si Kibena, si Kisangu. Halina maana. Tulimuuliza tukiwa watoto, mama Luhavile, maana yake nini? Akasema, kifo kinajua Kihehe, jina hili hakilijui. Akacheka. Alikuwa mcheshi yule mama."

Baba aliuliza jina la ukoo. Mzee akatikisa kichwa. Walikuwa watoto, na watoto hawaulizani koo, huulizana nani ana mbuzi mkali. Mama yule alikufa Luhavile akiwa kijana, kijana akaondoka, basi. Mengine tuliyaunganisha wenyewe. Huko misheni walipombatiza babu wakampa jina la Petro likae mbele, na lile alilokuja nalo likasogea nyuma, likakalia kiti cha baba yake. Kila aliyemuuliza baadaye, Petro nani, alijibu Petro Luhavile. Hakuwa anadanganya. Alitaja jina lake, nao wakadhani anataja watu wake.

"Kwa hiyo hawapo," alisema baba.

"Mpo ninyi," alisema mzee. Nafikiri alidhani anafariji.

Juma lile baba alinichukua tukapanda basi kwenda Iringa, kwa maelekezo ya yule mzee. Mama alisema ni kutafuta sindano kwenye majani makavu, lakini alitufungia chapati. Nakumbuka Makambako kwa upepo wake, na mawe makubwa ya Iringa mjini yaliyokaa juu ya vilima kama yalisahauliwa na mwenyewe, na baridi nyingine tofauti na ya kwetu, kavu zaidi, inayopasua midomo. Kutoka mjini tulipanda lori la mbao, kisha tukatembea. Kijiji cha mzee hakikuwepo. Watu walihamishwa zamani wakati wa vijiji vya ujamaa, na mahali pale palikuwa pamepandwa miti ya paini, mistari mirefu iliyonyooka, chini kukiwa na giza na ukimya na sindano za miti zilizokuwa laini kukanyaga. Baba alizunguka mle akitafuta dalili ya makaburi, hata jiwe moja lililopangwa. Mimi nilikaa kwenye kisiki. Sijawahi kusikia ukimya kama ule, na hadi leo harufu ya paini mbichi inanitia huzuni ambayo siwezi kuwaeleza watu wanaonunua mbao.

Kando ya barabara tulimkuta mama mtu mzima anauza ulanzi, pombe ya mianzi, kibandani. Alimpa baba kikombe, akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," na baba akaitika vibaya. Akamuuliza yeye ni wa akina nani. Baba akasema, Luhavile. Yule mama akamtazama, akingoja, kama mtu aliyepewa nusu ya jibu na anasubiri nusu nyingine kwa adabu. Baba akasema tena. "Ee, nimesikia, baba," alisema yule mama. "Mwiko wenu je?" Baba akasema maini, na sauti yake ikatoka na tumaini lililonitia aibu kwa ajili yake. Yule mama akapangusa meza. "Wasiokula maini huku ni koo nyingi. Ningependa nikuambie u ndugu yangu, wewe na huyu binti, maana naona mmetoka mbali. Lakini nitakuwa nakudanganya." Alikataa kulipwa ulanzi. Mpaka leo namheshimu kwa kutotudanganya, ingawa siku ile nilitamani sana atudanganye.

Tuliporudi Uyole, baba alilishusha lile tairi, akaligeuza jina likatazama ukuta. Kipupwe kile chote kilichobaki hakumuuliza abiria yeyote anakotoka. Alibandika viraka, akapokea hela, akasema karibu tena. Nilikaa kwenye rimu langu nikitazama mapovu. Ni kosa kusema mtu hupwekeka kwa kukosa watu, maana mama alikuwepo, mdogo wangu alikuwepo analia na kucheka, wajomba walikuja na ndizi zao. Baba alipwekeka kwa kukosa hata wa kuwatafuta. Kisha asubuhi moja nilifika nikakuta tairi limerudi nguzoni, herufi zimepakwa upya, nyeupe, na rangi bado inanata. Nikamuuliza sasa la nini. Akasema, "Babu yako alitembea na jina hili kutoka kule mpaka hapa, mtoto wa mjane. Nikiligeuza ukutani nitakuwa namficha tena, na wa kumficha alikuwa mama yake, siyo mimi."

Sasa nimepita umri aliokuwa nao baba wakati ule. Naishi Mbeya mjini, nafanya kazi ofisini, na watu huniambia siku hizi hakuna kitu kilichopotea, kila kitu kimo kwenye simu. Nimejaribu. Ukiandika jina langu unanipata mimi na mdogo wangu, na baada yetu hakuna kitu. Baba alifariki bila mtoto wa kiume, na sisi mabinti wawili watoto wetu wamechukua majina ya baba zao, kama desturi inavyotaka. Pale Uyole barabara inapanuliwa, kibanda kimeondoka pamoja na nguzo yake, na madereva wa leo wakipata pancha hupigia simu fundi aje kwa bodaboda. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawakusema lolote kuhusu asili inayokuacha wewe. Kwa muda mrefu niliamini jina letu litakufa nami, na nilikuwa nimekwisha lizoea wazo hilo, kama unavyozoea mlango unaopitisha baridi.

Ila nilizaa mara mbili na mara mbili nikazika. Sitaandika mengi juu ya hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nitasema tu kwamba nilipobeba mimba ya tatu nilikuwa nakaa macho nikimfikiria yule mwanamke wa kuja, ambaye hata jina lake sikulijua, amekaa peke yake kwenye kijiji cha watu na tumbo lake, majina yote ya kawaida yamemwishia. Miaka yote tulitafuta ukoo, mjomba, binamu, kaburi lililopangwa mawe, na hatukuwahi kumtafuta yeye. Ukoo wetu ulianzia hapo, kwa mama mmoja mcheshi aliyeogopa. Mwanangu alipozaliwa, muuguzi aliniuliza ataitwa nani. Wakwe zangu walikuwa na jina lao tayari, zuri, la babu yao. Niliwaomba radhi, nikasema ataitwa Luhavile. Wakanishangaa. Jina la ukoo wako ndilo liwe jina la mtoto? Nikawaambia ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo.

Anasoma darasa la tatu sasa, hali maini ingawa hakuna aliyemlazimisha, na ana kelele za upande wa bibi yake wa Tukuyu. Utotoni mwangu sikuwahi kusikia jina hilo likisemwa bila alama ya kuuliza nyuma yake: Luhavile, watu wa wapi? Luhavile, wa nani? Jioni, ukungu ukianza kushuka kutoka mlimani, nasimama mlangoni nimejitanda khanga na kuliita kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie, na kifo kikitaka kisikie nacho. "Luhavile!" Nangoja kidogo, na moyo wangu kila siku unasimama pale pale. Halafu kutoka nyuma ya nyumba kuna mtu anaitika, "Naam, mama!"